Daraja la Mitambaazi la Bonde la Iya, Japani: je, linastahili kufungiwa safari?

Mwalimu wa Langoni (Lamu) anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Lamu, na panapo majaaliwa nitakuwa Japani mwezi wa Novemba kwa mafunzo ya walimu yatakayofanyika mjini Osaka. Mafunzo yakimalizika nitakuwa na siku chache za mapumziko kabla ya kurudi nyumbani, na badala ya kuzimaliza madukani ningependa kwenda kulitazama lile daraja la kuning'inia lililosukwa kwa mitambaazi ya mwituni katika Bonde la Iya, kisiwani Shikoku. Wenyeji husimulia kwamba madaraja ya namna hiyo yalianzishwa na watu wa ukoo wa Heike waliokimbilia milimani baada ya kushindwa vitani mwaka 1185, na kwamba waliyasuka kwa mimea ili adui akitokea wayakate kwa panga na kumwacha ng'ambo. Kisa hicho ndicho kilichonivuta kuliko picha, ingawa picha nazo si haba.

Ningependa kujua kama mtu anayeanzia Osaka anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, au ni lazima alale huko. Ningependa pia kujua kama mwanamke aliyevaa buibui anaweza kulivuka bila taabu, maana nasikia kwamba unaona mto chini ya nyayo zako. Na kwa wale wanaoijua historia ya Japani, naomba mnieleze kisa cha Heike kina ukweli kiasi gani, kwa sababu nikirudi wanafunzi wangu hawataniacha. Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba daraja lenyewe siku hizi ni la nyaya za chuma zilizovishwa majani, na kwamba nitatupa fedha yangu bure. Sipendi kubishana naye bila hoja.

---

Mtembeza Wageni (Malindi) anajibu:

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Malindi, na daraja hilo nililivuka nilipoalikwa Japani na watu niliowahi kuwatembeza huku kwetu. Nitaanza na mambo ya njiani, kwa sababu huko ndiko wengi hukosea hesabu.

Kutoka kituo cha Shin-Osaka utapanda treni ya kasi, Shinkansen, hadi Okayama, mwendo usiofika saa moja. Okayama utabadilisha na kupanda treni iitwayo Nanpu, ambayo huvuka bahari kwa Daraja Kuu la Seto lililofunguliwa mwaka 1988, ikaingia Shikoku, kisha ikapanda milimani kwa kuufuata Mto Yoshino hadi kituo kidogo cha Oboke. Kipande hicho huchukua kama saa mbili, na ukipata kiti cha dirishani hutajuta. Kutoka Oboke hadi darajani ni mwendo wa basi usiozidi nusu saa, lakini hapo ndipo penye mtego: mabasi ni machache, ratiba hubadilika kwa msimu, na ukilikosa moja utakaa kituoni ukihesabu milima. Teksi zipo, ila bei yake inauma. Kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kunawezekana kwa mtu anayetoka alfajiri na asiyekawia mahali popote, lakini mimi nakushauri ulale. Wanaolala huliona daraja likiwashiwa taa usiku, japokuwa saa hizo haliruhusiwi kuvukwa, na asubuhi hulivuka kabla mabasi ya watalii hayajawasili. Novemba majani ya milimani hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, na Wajapani wenyewe hufurika kuyatazama, hivyo tafuta malazi mapema sana.

Sasa juu ya kuvuka. Daraja lina urefu wa mita 45 na upana wa mita 2, nalo liko mita 14 hivi juu ya Mto Iya. Tarakimu hizo hazitishi mpaka utakapokanyaga hatua ya kwanza. Sakafu yake si mbao zilizobanana. Ni vipande vyembamba vya miti vilivyolazwa kwa kuachiana nafasi, na katika nafasi hizo kiatu cha mtoto kinaweza kupita, kwa hiyo macho lazima yaangalie chini ili mguu usikose mahali pa kutua, na ukiangalia chini huoni ila maji ya kijani yakipita kati ya mawe. Kila anayekanyaga hulitikisa kwa wote. Nilioongozana nao walivuka ubavuubavu, mikono miwili imeng'ang'ania ukingo, huku wakimwomba aliye mbele asisimame kupiga picha. Wapo vijana walioingia kwa kelele na mbwembwe wakatokea upande wa pili kimya.

Buibui si kizuizi, ila pindo lake lisifike chini kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu ncha za miti na za mitambaazi hunasa nguo. Vaa suruali ndani, ulipandishe kidogo na kulifunga, na ushungi ubane vizuri, maana upepo wa bondeni hauna adabu. Miguuni weka raba zenye soli inayoshika. Ndara na viatu vya kisigino viache hotelini. Simu iwe na kamba ya kuvaa shingoni, kwani ikiponyoka huko hutaiona tena. Fahamu pia kwamba mwendo ni wa upande mmoja: ukishaingia hugeuki, na ng'ambo utarudi kwa daraja la kawaida la barabara lililo jirani. Kwenye daraja hilo la barabara ndiko picha nzuri zaidi hupigwa, tena bila malipo. Kiingilio cha daraja la mitambaazi ni yeni mia kadhaa tu.

Ikiwa ratiba itakubana hata usiweze kufika Shikoku, na kama utapitia Tokyo, liko daraja jingine lenye hadithi, liitwalo Saruhashi, katika mji wa Otsuki mkoani Yamanashi, mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa treni kutoka Shinjuku. Husimuliwa kwamba fundi mmoja aliyetoka Korea ya kale alishindwa kulijenga mpaka alipowaona kima wakishikana miili na kuvuka korongo, naye akauiga mpango wao kwa kupanga maboriti yanayochomoza ukutani moja juu ya jingine bila nguzo ya katikati. Ni zuri na ni rahisi kulifikia. Lakini halitikisiki, na kwa mtu wa tamaa yako, Mwalimu, ningesema Iya.

---

Fundi wa Matondoni anajibu:

Mwanangu Mwalimu, nimeyasoma maelezo ya kijana wa Malindi na nimeyafurahia. Mimi Japani sijafika wala sitarajii kufika, lakini kamba nazijua, na kwa hilo nadhani mwenzako wa shuleni hakukosea kabisa.

Wazee wetu waliposhona mtepe kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo msumari hata mmoja, chombo kile kilikwenda baharini kwa nguvu ya kamba zile zile. Ikitokea leo mtu akaunda mtepe, akaupigilia misumari kwa ndani kisha akaushona kamba kwa nje ili upendeze machoni, mimi nitauita kwa jina gani? Daraja la watu waliokimbia vita, kama kweli walikuwapo, lilikuwa la mitambaazi mitupu, na ndiyo maana panga liliweza kulikata. La leo nasikia lina waya wa chuma uliofichwa ndani. Akija adui leo, panga halitafaa kitu. Basi namwuliza huyo kijana, au yeyote anayejua: mtu anapokuwa juu yake, anabebwa na nini hasa, mtambaazi au chuma? Kama ni chuma, mtambaazi ni pambo, na Mwalimu aambiwe mapema kwamba anakwenda kutazama pambo.

---

Mwana wa Siyu (masomoni Okayama) anajibu:

Shikamoo, Fundi. Mwalimu, nakusalimu pia. Nasoma huku Okayama na bonde hilo nimelizoea, kwa hiyo mniruhusu nirefushe kidogo.

Fundi, waya umo, na hakuna anayeuficha kwa maneno. Mamlaka za huko hutamka wazi kwamba nyaya ziliwekwa kwa ajili ya usalama, kwa kuwa daraja linabeba umati ambao hakuna mwanakijiji wa kale aliyewahi kuufikiria. Hata hivyo sidhani kwamba neno pambo linatosha. Mitambaazi inayotumika ni takriban tani 6, ya aina wanayoiita shirakuchi, jamaa ya mmea wa kiwi, nayo hukusanywa milimani ikiwa mibichi na minene. Huzungushiwa sakafu, kingo na zile kamba za kulitundika daraja, ambazo hupandishwa hadi kwenye miti mikubwa ya mierezi iliyo kwenye kingo za mto. Kila baada ya miaka mitatu yote hubomolewa na kusukwa upya wakati wa baridi, kabla ya wageni wa majira ya kuchipua. Pambo la kawaida lingepakwa rangi likaachwa. Mitambaazi minene ya kutosha imeanza kuwa adimu, hata pamekuwa na juhudi za kuipanda ili mafundi wasikose.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui, nalo litamsaidia Mwalimu katika ule ubishi. Mwanzoni mwa karne iliyopita daraja la mitambaazi liliondolewa, likawekwa la waya, kama ilivyotarajiwa katika zama za maendeleo. Mwaka 1928 wenyeji wakalirudisha la mitambaazi kwa kusudi la kuliinua eneo lao. Mwaka 1970 serikali ya Japani ikaliorodhesha miongoni mwa mali muhimu za utamaduni wa wananchi. Kwa maneno mengine, hakuna mtambaazi hata mmoja pale ulio na umri wa kuitwa wa kale. Kilichoorodheshwa ni ufundi, umbo na mahali. Anayekwenda kwa matumaini ya kugusa kitu kilichoguswa na Heike atavunjika moyo, na afadhali avunjike moyo hapa kuliko kule. Anayekwenda kuona watu wakikataa kuusahau ufundi wao atapata alichokifuata.

Na ukitaka la kukufurahisha zaidi, Fundi, juu zaidi bondeni, mahali paitwapo Oku-Iya, kuna madaraja mawili mengine ya mitambaazi yaliyo karibu karibu, moja refu wanaloliita la mume na moja fupi la mke. Kando yake kuna kikasha cha mbao kinachoning'inia kwenye kamba, ambacho mtu hupanda akajivuta mwenyewe hadi ng'ambo kwa mikono. Huko umati ni mdogo na kivuli cha msitu ni kizito. Usafiri wa umma ni wa taabu, na hufungwa majira ya baridi.

Sasa hadithi. Kwa hakika ziko mbili, na ile ya pili hutajwa kwa nadra kwa sababu haina damu. Inasema kwamba daraja la kwanza lilitengenezwa na Kobo Daishi, yule mtawa wa Kibudha aliyeitwa Kukai, aliyeishi mwaka 774 hadi 835 na kuzaliwa Shikoku, aliyewahurumia wanakijiji kwa kukosa kivuko. Karibu kila kisima na kila jabali la Shikoku lina kisa kinachomhusisha mtu huyo, kwa hiyo mimi kisa hiki nakipa uzito mdogo.

Ya Heike ina mizizi katika mambo yaliyotokea kweli. Koo mbili, Taira ambao ndio Heike, na Minamoto ambao ndio Genji, zilipigana tangu mwaka 1180 hadi 1185. Heike walishindwa Yashima, kwenye pwani ya Shikoku hii hii, kisha wakaangamizwa katika vita vya majini vya Dan-no-ura. Mfalme wao Antoku alikuwa mtoto mdogo, na historia inasimulia kwamba bibi yake alimkumbatia akajitosa naye baharini. Watu wa Iya wana masimulizi yao: kwamba mtoto yule hakufa, kwamba alitoroshwa na kufichwa milimani pamoja na mashujaa wachache, na kwamba bendera nyekundu ya Heike ilihifadhiwa bondeni kizazi hadi kizazi. Karibu na daraja pana maporomoko ya Biwa, na inasemwa kwamba wakimbizi walikuwa wakikusanyika hapo kupiga ala ya nyuzi iitwayo biwa wakiukumbuka mji mkuu walioupoteza.

Nini cha kuaminiwa hapo? Kwamba vita vilikuwapo, na kwamba walioshindwa walitawanyika, hilo halina shaka. Kwamba bonde lile lilikuwa maficho mazuri, utalisadiki mwenyewe basi litakapokuwa linakwaruza ukuta wa mlima kwenye kona. Lakini maandishi yanayoyahesabu madaraja ya mitambaazi ya Iya ni ya karne ya 17, wakati yalipokuwa saba, na kati ya karne hiyo na Dan-no-ura kuna zaidi ya miaka 400 ya ukimya. Zaidi ya hayo, sababu ya kutumia mitambaazi haihitaji adui: korongo ni la mteremko mkali, kubeba maboriti marefu ni kazi, na mitambaazi imejaa msituni. Hata lile suala la kulikata kwa panga lina walakini, kwa sababu anayelikata daraja lake hujifungia na yeye.

Mwalimu, ukiwaeleza wanafunzi wako, usiwapeleke mbali kutafuta mfano. Sisi wa kisiwa cha Pate tunasimuliwa kwamba mabaharia wa Kichina walivunjikiwa na chombo karibu na Shanga, wakaogelea hadi nchi kavu, wakaoa na kusilimu, na ziko familia Siyu na Pate zinazojinasibisha nao hadi leo. Safari za jemadari Zheng He zilikuwapo kweli, kati ya mwaka 1405 na 1433, na zilifika pwani yetu. Vigae vya Kichina vimefukuliwa Shanga. Lakini vigae huletwa na biashara pia, havithibitishi ndoa. Nilipomweleza habari hiyo mzee mmoja wa Iya, aliniuliza swali moja tu: je, watu wa Siyu hukasirika wakiambiwa kwamba haikuthibitishwa? Nikamjibu kwamba baadhi hukasirika. Akacheka, akasema na kwao ni hivyo hivyo.

Mwisho, ukiwa Oboke usikimbilie basi bila kuuliza habari za vibwengo. Eneo hilo ndilo makao ya Konaki-jiji, kizee mwenye sauti ya mtoto mchanga: hulia peke yake mlimani, mpita njia akimhurumia na kumbeba, huzidi kuwa mzito mpaka mbebaji hawezi kumtua wala kwenda naye. Mtaalamu wa ngano Yanagita Kunio alikitaja kisa hicho katika maandishi yake, na siku hizi pana jumba la maonyesho ya viumbe hao si mbali na kituo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, angesema ni jini la kawaida na angetaka kujua kama lilisomewa.

---

Fundi wa Matondoni anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kama kila miaka mitatu vijana wanapanda mlimani, wanachagua mtambaazi, wanausuka kwa mikono yao na wazee wanasimama kuwasahihisha, basi hapo pana chuo, na chuo si pambo. Huku kwetu mtepe haukupata watu wa kuurudia namna hiyo, na leo tunautazama katika mifano ya makumbusho. Hata hivyo msimamo wangu juu ya waya haujabadilika. Ningependa wasuke moja dogo lisilo na chuma, hata kama hakuna atakayeruhusiwa kulikanyaga, ili ijulikane mtambaazi peke yake unahimili nini. Mwalimu, ukifika, tafadhali angalia namna wanavyofunga mwisho wa mtambaazi pale unapokutana na mti, uipige picha kwa karibu. Watu wote hupiga picha ya daraja zima, na fundo halionekani.

---

Mwalimu wa Langoni anajibu:

Nawashukuru nyote, na fundo la Fundi nitalipiga picha kabla ya lolote. Nimekubali kulala huko usiku mmoja. Limebaki la chakula na la sala: je, katika bonde la namna hiyo nitapata nini cha kula bila wasiwasi, na nitasali wapi?

---

Mwana wa Siyu anajibu:

Msikiti usitarajie huko bondeni, Mwalimu. Wewe ni msafiri, kwa hiyo unaweza kukusanya na kupunguza, na chini karibu na mto pana mahali pa wazi penye mawe mapana ambapo hakuna atakayekusumbua. Beba mswala mwepesi na dira, kwa kuwa milima itakupoteza mwelekeo. Kibla huku ni upande wa magharibi, ukielekea kaskazini kidogo.

Chakula cha salama zaidi ni samaki wa mtoni, anayechomekwa mzima kwenye kijiti, akapakwa chumvi tupu na kuchomwa kando ya makaa. Utamkuta kwenye vibanda vya karibu na daraja. Mhimize muuzaji asimpake kitu kingine. Viazi na tofu vya kuchoma pia vipo, lakini hupakwa mchuzi mzito wa soya iliyochachushwa, ambao mara nyingine huchanganywa na pombe ya mchele, na supu ya tambi za soba nayo huwa na shaka hiyo hiyo. Andikiwa kwa Kijapani, kwenye karatasi, kwamba huli nguruwe wala pombe, na uionyeshe kabla hawajaanza kupika. Nyumba ya wageni uiarifu siku unapoweka nafasi, si siku unapofika, kwa sababu chakula cha jioni huandaliwa mapema na mpishi hawezi kubadilisha mambo ghafla.

Na Novemba jua huzama mapema, tena bondeni mlima hulificha kabla halijazama, kwa hiyo usipange kuvuka alasiri. Vuka asubuhi, kunywa chai, kisha uwe kituoni kabla ya basi la kwenda Oboke, na saa zake uziulize kule kule unapolala.